Namna ya Kupika Mlima wa Mawe

Tafuta mlima kwanza. Kama huna, tengeneza: chimba shimo la wazi, tenga mawe yenye dhahabu, kisha yaliyobaki yapakie kwenye malori yale ambayo tairi lake humpita mtu mzima kimo, ukayamwage mahali pamoja siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Hapa Nyamongo, mkoani Mara, hatua hiyo imeshatimia. Mgodi wa North Mara ulifunguliwa mwaka 2002, na mashimo yake ya Nyabirama na Gokona, kama mashimo yote ya aina hiyo duniani, hutoa mawe mengi mno kwa kila gramu ya dhahabu. Mawe hayo lazima yalale mahali. Geita wanayaita magwangala, wataalamu wanayaita mawe taka, na wengi wetu tunasema kifusi.

Mlima ukishakuwepo, usihangaike na kuni. Ukiwa ni mlima wa mawe ya aina fulani utajipika wenyewe, na kazi yako itakuwa kusubiri.

Ninaeleza kama mapishi kwa makusudi. Watu wa kwetu huuogopa mgodi kwa jumla: vumbi, baruti, sayanaidi, vyote kwa pamoja. Hili la mawe yanayochemka taratibu linapita bila kutajwa, na ndilo litakalobaki nasi siku malori yatakapoondoka. Anayejua moto unavyowashwa ndiye anayejua pa kuukaba.

Sasa kiungo chenyewe. Okota jiwe la kijivu, ligeuze juani. Ukiona chembe za manjano zinazometa, nyingine zina pembe kama dadu ndogo, hiyo ni pairaiti, ndoa ya chuma na salfa. Mgeni wa machimbo huidhania dhahabu. Mzoefu hugonga kwa nyundo: dhahabu hubonyea, pairaiti hupasuka, hurusha cheche na kuacha harufu ya kiberiti. Harufu hiyo haishangazi, kwani neno kiberiti lilikuwa jina la salfa kabla halijawa jina la njiti. Ndiyo maana sikukuagiza ukanunue kiberiti dukani. Kimo ndani ya jiwe.

Jiwe hilo limekaa chini ya ardhi ya Mara kwa zaidi ya miaka bilioni 2 bila kuonana na hewa. Ukilipasua kwa baruti na kulileta juu, pairaiti hukutana na vitu viwili iliyokuwa imefichwa mbali navyo muda wote huo, oksijeni na maji. Hapo huanza kuungua. Hakuna mwali wala moshi. Ni kuungua kwa namna ya msumari unaokula kutu, ila kwa nguvu zaidi, na mazao yake ni matatu: kutu, tindikali ya salfuriki na joto.

Joto kiasi gani? Kilo moja ya pairaiti ikiteketea yote hutoa kama megajuli 11 au 12. Hilo linatosha kuchemsha lita 35 za maji kutoka nyuzi 20 hadi 100, karibu madumu mawili ya lita 20. Kilo moja ya mkaa mzuri hutoa takriban megajuli 30, kwa hiyo pairaiti hubeba zaidi ya theluthi ya nguvu ya mkaa. Tofauti ni kwamba mkaa huisha jioni ileile, na pairaiti huchukua miaka. Chukua tani moja ya kifusi chenye salfa asilimia 2, namba niliyoichagua ili tupige hesabu. Ndani yake mna pairaiti kilo 37 hivi. Kama yote ingeungua na joto lisipate pa kutokea, tani hiyo ya jiwe ingepanda kwa nyuzi 500. Haifiki huko, kwa sababu joto hutoroka na pairaiti haiungui kwa siku moja. Lakini ukishaiona namba hiyo, hutakitazama tena kifusi kama kitu kilicholala.

Bibi yangu ndiye aliyenifundisha kwamba lundo lina tumbo. Mwaka mmoja mvua ilituwahi, tukaingiza mahindi ndani yakiwa hayajakauka, tukayarundika kwenye kona ya chumba. Usiku wa tatu alizamisha mkono ndani ya lundo hadi kwenye kiwiko, akautoa haraka. "Mura, lete taa. Mahindi yanachemka." Nikazamisha wangu. Juu palikuwa na ubaridi wa kawaida wa usiku. Vidole vilipopita kiasi cha shubiri moja vikakuta uvuguvugu, na chini zaidi joto la kikombe cha uji uliomiminwa sasa hivi, na punje zenye jasho. Juu baridi, ndani moto, na katikati yake mteremko unaoweza kuupima kwa vidole vyako mwenyewe. Hakumwagia maji. Tulitandika turubai na kuyatawanya usiku huohuo, unene wa kiganja, mpaka kulipokucha.

Mteremko huo wa joto, kutoka tumboni hadi kwenye ngozi ya lundo, ndio roho ya mapishi yetu. Joto huzaliwa ndani kote, ila hutokea nje tu. Lundo dogo lina ngozi kubwa kuliko tumbo lake, hivyo hupoa. Lundo kubwa lina tumbo kubwa na ngozi haba: ongeza urefu, upana na kimo mara 10, ngozi itaongezeka mara 100 lakini tumbo mara 1,000. Jiwe nalo ni mchoyo, halipitishi joto upesi. Kwa hiyo mpishi wa mawe hana haja ya kuchochea. Akilifanya lundo liwe kubwa, joto litakosa njia ya kutoka.

Mpaka hapa mahindi na mawe vinafanana. Vinapoachana ni kwenye hewa, na hapo namwacha bibi namfuata fundi wa matofali.

Yeyote aliyejenga huku kwetu amewahi kukesha na tanuri. Unapanga matofali mabichi, unaacha midomo chini, unasukuma magogo, unawasha. Kisha fundi anakandika tope kuanzia chini hadi karibu na juu. Fundi niliyekesha naye nikiwa kijana hakuwa akitazama moto hata kidogo. Alitembea kuzunguka tanuri na karai la tope, kichwa kimeinama, akitafuta nyufa. Akiona moshi mwembamba unachungulia ubavuni, anachota tope kwa mkono, anapiga, anasawazisha kwa kiganja, anaendelea. Akitaka moto upande, hagusi kuni. Anafungua mdomo mmoja wa chini. Akitaka utulie, anauziba. Tulipofungua baada ya tanuri kupoa, matofali ya katikati yaligongwa yakalia kama kengele, na ya ukingoni yakatoa sauti ya kiazi. Mteremko uleule, umeandikwa kwenye matofali.

Kifusi ni tanuri ambalo hakuna aliyelikandika. Zaidi ya hapo, namna ya kawaida ya kumwaga mawe hulijengea midomo. Lori likisimama juu ya kilele na kumwaga kwenye mteremko, mawe makubwa hubingirika hadi chini kabisa, na changarawe na vumbi hubaki juu. Ukimaliza una lundo ambalo mguu wake ni mawe makubwa yenye nafasi za kupitisha hata mkono, na kilele chake ni laini. Fundi wa tanuri asingepanga vizuri zaidi kama angetaka livute hewa.

Sasa angalia mnyororo. Pairaiti inaungua, ndani panapata joto. Hewa ya nyuzi 50 ni nyepesi kuliko hewa ya nyuzi 20 kwa takriban asilimia 9, na ikibeba mvuke hupungua uzito zaidi. Hewa nyepesi hupanda na kutokea juu. Ikipanda huacha pengo, na pengo huvuta hewa mpya yenye oksijeni kutoka kwenye mguu wa lundo. Oksijeni mpya inaunguza pairaiti zaidi. Joto linaongezeka, hewa inapanda kwa kasi, pumzi inakuwa ndefu. Kinachovuta hewa ni tofauti ya joto baina ya ndani na nje, si joto la ndani peke yake. Ndiyo maana lundo hupumua kwa nguvu zaidi usiku, nje kunapopoa, kuliko saa nane mchana jua likiwa kali. Kwenye malundo ya namna hii duniani, alfajiri ya baridi ndiyo saa ya kuona mvuke ukichungulia kileleni, kama moshi ule aliokuwa akiutafuta fundi wangu.

Ongeza na wapishi wasioonekana. Mna bakteria, mashuhuri kati yao anaitwa Acidithiobacillus ferrooxidans, anayekula chuma na salfa na kupenda maji makali ya tindikali. Akiwepo, hatua ya chuma katika kuungua huko huweza kwenda mara milioni moja kwa kasi kuliko bila yeye. Anapenda joto la nyuzi 30 hivi. Likipanda sana hulegea, na bakteria wengine wanaopenda joto kali hushika zamu. Hali ya hewa ya Nyamongo, isiyojua barafu mwaka mzima, ni nyumba nzuri kwao.

Hapa mkono wa bibi ungekosea. Kwenye mahindi ungetafuta moto katikati kabisa. Kwenye kifusi kipana, hewa inayoingia pembeni huishiwa oksijeni njiani, asilimia 21 inakuwa 10, inakuwa 3, inakuwa sifuri, na mahali oksijeni ilipokwisha pairaiti hukaa kimya hata kama imejaa tele. Kwa hiyo tumbo la moto mara nyingi huwa karibu na ubavu, mita kadhaa ndani, kule pumzi inakofika. Katikati ya lundo panaweza kuwa pamepoa kuliko ubavuni. Anayechimba tundu moja katikati, akapima, akakuta nyuzi 28 na kwenda nyumbani ametulia, hajapima lundo. Amepima mahali pasipo na hewa.

Tumelipa neno moja, kinu, kazi mbili: cha kutwangia na cha nyuklia. Kifusi nacho ni kinu, na kukilinganisha na ndugu zake kunasaidia. Mwaka 1959 kule Kinshasa, wakati huo Léopoldville, kiliwashwa kinu cha nyuklia kilichoitwa TRICO, cha kwanza barani Afrika. Fueli yake ilikuwa urani iliyochanganywa na zirkoni na haidrojeni, na ilikuwa na tabia njema: ikipata joto, haidrojeni iliyo ndani yake hupoteza uwezo wa kupunguza mwendo wa nyutroni, na mnyororo hulegea wenyewe. Joto linajikata. Kule Oklo nchini Gabon, mwaka 1972 wanasayansi waligundua kwamba miaka kama bilioni 2 iliyopita madini ya urani yalijiwasha yenyewe ardhini bila mkono wa mtu, yakisaidiwa na maji ya mvua yaliyopenya. Maji yalipochemka na kuondoka, kinu kilizimika. Yaliporudi, kiliwaka tena. Nacho kilijua kujizuia. Chernobyl mwaka 1986 ilikuwa kinyume: katika hali iliyokuwamo usiku ule, mvuke ulivyozidi ndivyo nguvu ilivyozidi.

Kifusi chenye pairaiti, katika miaka yake ya kwanza, kina tabia ya upande wa Chernobyl, ingawa kwa mwendo wa kinyonga na bila mionzi. Joto huzaa pumzi, pumzi huzaa joto. Breki zake huja baadaye: mvuke unaotoka juu hubeba joto, bakteria huchoka, hewa hukosa njia mpya. Kule Rum Jungle, mgodi wa zamani wa urani kaskazini mwa Australia, vipimajoto vilivyoshushwa ndani ya malundo ya mawe taka vilisoma zaidi ya nyuzi 50. Kule Doyon, mgodi wa dhahabu Quebec nchini Kanada, joto la ndani ya lundo lilipanda hadi kupita nyuzi 60, wakati nje kuna theluji. Hebu fikiria tofauti hiyo ya ndani na nje, na pumzi iliyotokana nayo.

Joto lenyewe halijawahi kumchoma mtoto wa Nyamongo, nami sitaki mtu aende kutafuta moshi. Joto ni dalili ya kwamba chungu kinapika. Kinachoivishwa ni tindikali. Zile kilo 37 za pairaiti kwenye tani yetu ya mfano huzaa tindikali ya salfuriki kama kilo 60. Hukaa ndani ya lundo, kwenye nyufa na ngozi za mawe, ikisubiri. Mvua za masika zinapoingia, maji huiosha, hushuka nayo, na njiani tindikali hiyo huyeyusha metali zilizokuwa zimefungwa ndani ya jiwe: chuma, aluminiamu, shaba, wakati mwingine zilizo hatari zaidi. Kisha hutokea chini, kwenye mguu, na kufuata bonde.

Bonde letu ni la mto Tigithe, na Tigithe huingia mto Mara, na Mara huenda hadi ziwa Victoria. Mei 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka eneo la mgodi hadi Tigithe. Mgodi ulisema wezi walikuwa wamekata plastiki iliyotandikwa kwenye bwawa la kukusanyia maji hayo. Wananchi walilalamika kuhusu ngozi kubabuka na mifugo kufa, na watafiti wa Tanzania walikwenda kupima udongo, tope na maji wakitafuta metali na sayanaidi. Miaka 10 baadaye, Mei 2019, NEMC, baraza la taifa la mazingira, iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji kwenye bwawa la topesumu. Topesumu ni habari nyingine, ni mabaki ya kiwandani yaliyosagwa, lakini mto unaopokea ni uleule.

Jicho litakudanganya hapa, na hili naliomba lishikwe kuliko yote. Machi 2022 mto Mara ulipogeuka mweusi na samaki kuelea, kila mtu aliona na kunusa, taarifa ikafika Dodoma. Maji ya tindikali hayapigi kelele hivyo. Yakiwa makali sana mara nyingi huwa meupe kabisa, unaona kokoto za chini, kwa sababu chuma kimeyeyuka ndani yake kama chumvi kwenye mchuzi. Rangi ya chungwa kwenye mawe ya kijito hujitokeza mbele zaidi, tindikali inapopungua makali na kutu kuanza kuganda. Mama anayechota pale penye maji meupe kwa kukwepa pale penye rangi anaweza kuwa anachota kwenye sehemu mbaya zaidi. Usionje. Tazama kama kuna vyura, viluwiluwi, wadudu wanaoteleza juu ya maji. Kijito safi kisicho na hata mdudu mmoja kinasema kitu. Karatasi za kupimia tindikali hupatikana kwenye maabara nyingi za shule za sekondari zinazofundisha kemia, na mwalimu anaweza kutoka na wanafunzi wake asubuhi moja baada ya mvua ya kwanza na kurudi na namba ya pH, ambayo hushuka kadiri tindikali inavyokuwa kali. Karatasi hiyo haionyeshi aseniki wala sayanaidi, kwa hiyo isomwe kwa kile inachokijua tu. Namba ikiwa chini ya 5, maji yapelekwe maabara kubwa, na watu na ng'ombe wasiyaguse wakati majibu yanasubiriwa.

Sasa namna ya kuuzima mlima. Wengi hufikiri maji. La, maji ndiyo yanayoitoa tindikali na kuileta kijijini. Kutawanya kama alivyofanya bibi nako hakufai, kwani kunapoza joto lakini kunaifungulia pairaiti hewa yote ya Mara. Fundi wa tanuri ndiye mwenye jibu: shughulika na hewa, joto litajifia lenyewe.

Kazi huanza kabla lori halijapakiwa. Vumbi la kila tundu la baruti hupimwa. Kuna kipimo kimoja rahisi ninachokipenda: jiwe lililosagwa hutiwa kwenye haidrojeni peroksaidi, ndugu mkali wa ile ya duka la dawa ya kuoshea vidonda. Ikiwa mna pairaiti, mchanganyiko hutoa povu, hupata joto, wakati mwingine huchemka kabisa mbele ya macho yako. Miaka mingi ya mvua imebanwa ndani ya saa chache kwenye glasi. Ukipoa unapima ukali wake. pH ikiwa chini ya 4.5, jiwe hilo ni la kuwekwa pembeni. Mawe ya namna hiyo yasitumike kujengea barabara, wala kuta za mabwawa, wala msingi wa nyumba ya mtu.

Kisha yapangwe, yasimwagwe. Tabaka jembamba kutoka chini kwenda juu, linashindiliwa kwa uzito wa malori yenyewe, ili yale mawe makubwa yasipate nafasi ya kubingirika na kutengeneza mdomo. Mawe makali huwekwa tumboni, yanazungukwa na mawe mapole na udongo wa mfinyanzi uliopigwa. Ukichanganya chokaa inasaidia, ila hesabu ni kubwa: tani yetu yenye salfa asilimia 2 inadai karibu kilo 62 za mawe ya chokaa ili tindikali yote ikabiliwe. Zidisha kwa mlima. Ndiyo maana nasema kuzuia hewa ni rahisi kuliko kutibu maji.

Njia bora kuliko zote, pale shimo linapokuwa limekwisha kazi, ni kuyarudisha mawe shimoni na kuyazamisha kabisa, yabaki chini ya maji kiangazi na masika. Lita moja ya maji hushika miligramu 8 au 9 tu za oksijeni, wakati lita moja ya hewa ina zaidi ya 250, na ndani ya maji oksijeni husafiri kwa mwendo ulio mdogo mara elfu 10 hivi. Pairaiti iliyozamishwa inarudi katika usingizi wake wa miaka bilioni. Lakini kuzamisha kifusi kilichokwisha kuungua miaka kadhaa bila kukiosha wala kukitilia chokaa ni kutengeneza chungu cha tindikali kwa siku moja. Mapema ndiyo saa yake.

Kifuniko cha juu kinadai akili ya mahali. Mfinyanzi peke yake ukianikwa na kiangazi cha Mara hupasuka, kila mkulima ameona shamba likifanya hivyo. Unahitaji blanketi nene la udongo wa kawaida na majani juu yake, ili linywe mvua ya masika na kuirudisha angani wakati wa jua bila kuipitisha chini. Halafu kuna mchwa. Sijawahi kuona mchoro wa kifuniko wenye kichuguu, na huku kwetu vichuguu havimuulizi mhandisi. Mchwa hushuka mita nyingi kutafuta unyevu, na tundu lake ni mdomo wa tanuri. Mzizi wa mgunga hivyohivyo. Kifuniko kinachohesabiwa kudumu miaka 100 kinamhitaji mtu wa kukizunguka miaka 100, na karai.

Mtu huyo apewe kitu cha kusoma. Mabomba yashushwe ubavuni na kileleni, siyo katikati tu, kila bomba liwe na kamba ya vipimajoto kwenye mita 2, mita 5, mita 10, na mdomo mdogo wa kupimia oksijeni. Namba moja moja hazisemi sana. Kinachosema ni mteremko kati yake, na jinsi mteremko huo unavyobadilika mwezi hadi mwezi. Oksijeni ikishuka na joto likifuata kushuka, kifuniko kimeshika. Oksijeni ikipanda mahali ambapo mwezi uliopita haikuwepo, kuna ufa, na joto litaufuata baada ya muda, na tindikali baada ya joto, na mto baada ya mvua.

Namba hizo ziandikwe kwa chaki nyeupe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, pale Matongo, Nyangoto na Kewanja, kando ya tangazo la mkutano na tarehe ya chanjo ya ng'ombe. Bomba, kina, joto, oksijeni, mwezi huu, mwezi uliopita. Hatutahitaji digrii kuzisoma. Atapita mzee mmoja na fimbo yake, aliyechoma matofali maisha yake yote, atasimama mbele ya ubao, atafuatisha mstari kwa kidole: mita 5, ubavu wa mashariki, mwezi uliopita nyuzi 36, mwezi huu 41. Atageuka kwa mwenyekiti na kuuliza nani ameacha mdomo wazi upande ule.